Dondoo Muhimu: Kugeuza Objekti Kuwa Orodha kwenye JavaScript

Tuseme umehifadhi kilo za karafuu kwa wilaya za Pemba (namba ni za mfano tu):

mizani = {Wete: 420, Micheweni: 150, "Chake Chake": 310, Mkoani: 560}

Unataka kuzipanga kuanzia nyingi? Objekti haipangiki kwa sort, igeuze kwanza. Object.keys hutoa majina, Object.values hutoa kilo. Bora zaidi ni Object.entries, iliyoingia rasmi mwaka 2017, kwani kilo haziachani na wilaya yake:

Object.entries(mizani).sort((a, b) => b[1] - a[1])

Mkoani itatangulia.

Tahadhari: funguo zikiwa namba tupu, kama namba za wakulima, JavaScript huanza na ndogo, hata kama uliingiza 310 kabla ya 12. Ukitaka mpangilio wako ubaki ulivyo, tumia Map.