SOMO: KUTAFUTA KAZI BAADA YA MWAJIRI MMOJA

Ndugu wakimbizi,

Wengi wetu tulikulia kwenye kampuni moja. Kule Katanga, Gécamines iliwapa wafanyakazi nyumba, shule na hospitali. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na wengi hawakuwahi kuomba kazi kwingine.

Jirani yangu hapa kambini alitunza bohari ya reli miaka 22. Alipoulizwa anajua nini, alijibu, "Mimi ni mtu wa reli." Akakosa kazi. Tukakaa naye, tukaandika: kupokea mizigo, kuhesabu, kujaza daftari, kusimamia vijana sita. Mara ya pili alieleza hayo. Leo yuko ghala la chakula.

Basi fanya hivi:

1. Usitaje kampuni tu. Taja kazi ulizozifanya.
2. Vyeti vimepotea? Tafuta watu wawili mliofanya kazi pamoja, wakushuhudie.
3. Soma ubao wa matangazo kila wiki.
4. Usione haya kuulizwa maswali na kijana.

Mzee asiyeweza kuandika aje kwetu. Tutamwandikia barua bila malipo.