Dondoo muhimu: Logi asilia katika lugha ya C

Wewe unayejifunza C, kumbuka kwamba log() hutoa logi asilia. Ya kizio cha kumi ni log10(). Anza faili kwa #include <math.h>, na kwenye Linux malizia amri ya gcc kwa -lm.

Kosa linalowaponza wengi liko kwenye kugawanya. Kwa mfano, sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania. Ya 2022, watu 61,741,120. Ukiandika log(61741120/44928923) utapata 0, maana C hugawanya namba kamili na kutupa desimali. Andika 61741120.0 na jibu litakuwa 0.318; ukiligawa kwa miaka 10, ni ukuaji wa takriban asilimia 3.2 kwa mwaka. Sifuri na namba hasi zichuje kabla ya kuita log().