SOMO LA JIOGRAFIA: ANZA NA KIVULI CHAKO

Yakitajwa mashindano ya jiografia wengi wenu hukimbilia kukariri miji mikuu. Si vibaya, lakini haitoshi. Olimpiadi ya Kimataifa ya Jiografia, iliyoanza mwaka 1996 mjini The Hague, Uholanzi, huwashindanisha vijana wa miaka 16 hadi 19, wanne kutoka kila nchi. Pamoja na mitihani ya darasani, kuna kazi ya nje: unapelekwa mahali, unapima, unachora ramani na kueleza ulichokiona. Hapo mkariri hukwama.

Niliwahi kumuuliza kijana wetu mmoja mji mkuu wa Mongolia. Akajibu upesi: Ulaanbaatar. Nikamuuliza jua la utosi hutufikia Mtwara mara ngapi kwa mwaka. Kimya! Basi tulifanye hilo.

Mtwara iko nyuzi 10 na dakika 16 kusini ya Ikweta. Jua la utosi husafiri baina ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo hutupitia mara mbili: likishuka kusini, karibu na tarehe 20 Oktoba, na likirudi, karibu na 22 Februari. Chomeka kijiti uwanjani, ukinyooshe kwa timazi. Siku hizo jua likifika kati, kivuli hukaribia kutoweka. Baina ya Oktoba na Februari kivuli cha wakati huo huangukia kaskazini. Miezi mingine, kusini.

Usingoje saa 6 kamili, utakosea. Saa ya nchi yetu hufuata longitudo 45 Mashariki, nasi tuko kwenye nyuzi 40 na dakika 11. Kila uzi mmoja ni dakika 4, hivyo jua hutuchelewea kama dakika 19. Tena mwendo wa dunia kulizunguka jua si sawa mwaka mzima. Kwa sababu hizo mbili, tarehe 20 Oktoba jua hufika kati karibu saa 6:04, na tarehe 22 Februari karibu saa 6:33. Muadhini wa Adhuhuri analijua jambo hili kuliko wengi wenye vyeti.

Swali jingine liko mdomoni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, lakini haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kusini ya mto. Wareno wakairudisha mwaka 1916, na mwaka 1919 makubaliano ya Versailles yakawaachia. Kwa hiyo mto ulikuwapo, mpaka ndio uliohama.

ZOEZI
1. Pima kivuli cha kijiti cha sentimita 100 kila baada ya dakika 5, kuanzia saa 5:45 hadi saa 7:00. Andika saa kilipokuwa kifupi kabisa.
2. Mwenzako wa Songea yuko magharibi yetu. Jua litafika kati kwake kabla yako au baada yako? Eleza sababu.
3. Mchanga na mikoko hubadili sura ya mdomo wa mto. Hilo linaleta taabu gani kwa mchora mpaka? Waulize wavuvi wa Msimbati kabla hujajibu.