Fuata Maji: Namna ya Kutembea Upare Kusini kwa Miguu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, ukishapita Mkomazi na Hedaru, milima inakusindikiza mkono wa kulia hadi Same. Abiria wengi huitazama dirishani, wakanunua soda stendi, basi likaendelea. Mimi nakushauri ushuke hapo na begi lako mgongoni, kwa sababu huko juu kuna mojawapo ya matembezi mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya nchini, na unaweza kuyapanga mwenyewe bila kampuni ya utalii.

Wenzetu Ulaya wamelizoea jambo hili. Kwenye bonde la mto Mosel, Ujerumani, kuna njia ya miguu ya kilomita 365 iitwayo Moselsteig, iliyofunguliwa mwaka 2014. Mtu anatembea kati ya mashamba ya zabibu yaliyopandwa kwenye ngazi za mawe, jioni analala kijijini na kuonja mvinyo wa palepale. Upare Kusini nako kuna mabonde ya mito, ngazi za mawe mashambani, vijiji vinavyopokea wageni na kinywaji cha mlimani. Vibao vya kukuelekeza ndivyo havipo. Badala yake kuna maji. Mpare alijenga, akalima na akapita kufuata maji, kwa hiyo njia nyingi za miguu ziko kando ya mto, mfereji au ndiva, yaani bwawa dogo la maji. Ukilishika hilo, umeshapata ramani.

Njia ninayoipendekeza

Anzia Same mjini, panda gari hadi Mbaga, vuka msitu wa Shengena kwa miguu hadi Chome, kisha shuka taratibu kupitia Bangalala hadi Makanya kwenye lami. Tenga siku tano ili usikimbizane na jua. Kwa njia hii unayaona maji tangu yanapozaliwa kwenye ukungu hadi yanapoishia mchangani.

Nenda kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu unateleza na magari hukwama. Juni na Julai baridi ya Chome ni kali. Beba sweta zito hata kama Same umeiacha na joto la kuchosha.

Kupanda Mbaga

Magari ya milimani hushuka mjini alfajiri na kurudi juu mchana. Kwa hiyo lala Same, asubuhi nunua mahitaji sokoni, kisha uliza stendi gari la Mbaga linaondoka saa ngapi na uwahi kiti. Barabara inapita tambarare ya Kisiwani, milima ikiwa kulia na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kushoto. Mkomazi ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2008, na ina tembo na simba, basi kipande hiki usikitembee kwa miguu hata kidogo.

Mbaga iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 na zaidi, na hewa inabadilika kabla hujashuka garini. Siku ya kwanza usiende mbali. Tafuta kijana mwenyeji akupeleke kwenye mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha wakati wa misafara ya kukamata watumwa katika karne ya 19. Karibu na hapo kuna mwamba wa Malameni, ambako hadi miaka ya 1930 walitupwa watoto walioaminika kuleta mkosi. Wazee wanaizungumza historia hiyo kwa uzito. Wasikilize, uliza kwa adabu, na kamera iache begini mpaka uruhusiwe.

Jitambulishe kwanza

Hatua hii haina mbadala. Ukiingia kijijini, nenda moja kwa moja ofisi ya mtendaji wa kijiji. Toa kitambulisho, sema unatoka wapi, unaelekea wapi na utalala kwa nani, kisha saini kitabu cha wageni. Ofisi ikiwa imefungwa, muulize mwenyekiti wa kitongoji. Dakika hizo chache zinakupa mambo matatu: ulinzi, mahali pa kulala na habari za njia. Mtendaji ndiye anayejua daraja lipi limesombwa na ni nyumba gani ina chumba cha mgeni.

Njiani salimia kila mtu, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo kabla hujauliza chochote. Ukimuuliza mama njia bila kumsalimu, atakujibu kwa upole, ila hatakuambia kwamba kuna njia fupi nyuma ya kanisa.

Kuvuka Shengena

Kilele cha Shengena kina takriban mita 2,460, na ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Kiko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, yenye zaidi ya hekta 14,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo wasiliana na ofisi yao mapema, ukiwa bado kwenye mtandao mzuri.

Hapa ndipo ninapokwambia uchukue mwenyeji wa kukuongoza, hata kama safari nzima unajiongoza mwenyewe. Ukungu unaweza kushuka ghafla, na vijia vya kuni na vya nyuki vinafanana. Tena utafaidi zaidi: atakuonyesha mkulo, mti wa mbao za thamani uliovunwa kwa wizi miaka mingi hadi msitu ukabaki na makovu, na mkitulia atakuonyesha ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni. Wataalamu humwita Zosterops winifredae, na makazi yake ni milima hii ya Upare Kusini tu. Msitu huu ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa.

Simama mahali penye kuvumwani nyingi ushike tawi: mkono unatoka umelowa hata kama hakujanyesha. Miti hiyo inakamata maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini, na hicho ndicho chanzo cha kila kijito utakachokifuata siku zinazofuata.

Kushuka na maji

Kutoka Chome, shika njia za upande wa magharibi. Vijito vya Chome, Vudee na Tae vinakusanyika kuelekea Makanya, na kando yake utaanza kuziona ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo au mawe lililojengwa ubavuni mwa mlima. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Bila ndiva, kijito chembamba kingemezwa na mfereji kabla ya kufika shamba la mbali. Maji yakishajikusanya yanatoka kwa nguvu na kufika. Wapare walikuwa na ujuzi huu kabla ya Wajerumani kuingia nchini. Kusafisha tope na kuziba nyufa ni kazi ya msaragambo, ambapo kila kaya inatoa mtu wake na jembe lake.

Ukifika Bangalala, lala hapo uamke alfajiri uione ndiva ya Manoo ikifunguliwa. Niliposimama pale, baba mwenye zamu aliingia majini hadi magotini, akachomoa kizibo, na maji yakatoka kwa mvumo yakiwa na rangi ya udongo. Akakimbia kando yake, jembe begani, akiziba matundu ya fuko kwa udongo na majani ya mgomba. Nilikuwa nimesimama ukingoni.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Ruka mfereji, usiukanyage. Ukibomoka ukingo, zamu yangu inaishia hapo.”

Ichukue kama sheria ya kwanza ya kutembea Upare. Usikanyage kingo za mfereji, usiogee wala kufulia ndani yake, na usiondoe jiwe unaloliona limekaa ovyo, kwa kuwa limewekwa hapo kugawa maji. Ukitaka kuvuka, tafuta mahali wenyeji wanapovukia.

Kutoka Bangalala kushuka, kijani kinapungua kila saa. Juu mvua ni nyingi. Tambarare hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mwisho unafika Makanya, kwenye joto na mashamba ya mkonge, na kuona korongo pana la mchanga. Maji yamekwisha kutumika njiani, na ni mafuriko tu yanayopita huko. Wakulima wa Makanya huyasubiri hayo hayo mafuriko ya siku chache wayaelekeze kwenye mahindi yao. Ukiliona hilo kwa macho, utaelewa kwa nini mti mmoja ukikatwa Shengena kesi yake inafika huku.

Chakula na dengelua

Utakula makande, na utayapenda. Mahindi na maharage vinachemshwa polepole mpaka vinalainika pamoja, kisha vinaungwa kwa kitunguu na tui au maziwa. Ni chakula cha mtu anayepanda mlima: ukila asubuhi, njaa haikusumbui hadi alasiri. Ukipenda tangawizi, panga safari nyingine uende Mamba Miamba, upande wa mashariki wa milima hii, inakolimwa kwa wingi.

Dengelua ni pombe ya miwa. Miwa inapandwa mabondeni penye unyevu, inatwangwa na kukamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke. Ina utamu unaomalizikia kwenye uchachu, na inanywewa kwa kukaa na kuongea. Kunywa jioni ukishafika, usinywe kabla ya kushuka mteremko. Na usiiulizie kila nyumba: vijiji vingi vya Upare ni vya Wasabato na Waislamu, ambao hawagusi pombe. Kwa Wasabato, kumbuka pia kwamba Jumamosi ni siku ya ibada. Maduka yanafungwa na mwenyeji wako hatakubali malipo siku hiyo, kwa hiyo maliza hesabu Ijumaa kabla ya jua kuzama.

Cha kubeba

Beba viatu vyenye meno ulivyokwisha kuvizoea, koti la mvua, sweta, tochi, chupa za kutosha lita tatu, na dawa ya kutibu maji au sufuria ya kuchemshia. Maji ya mfereji yanaonekana safi, lakini yamepita kwa ng'ombe. Beba fedha taslimu za noti ndogo. Mawakala wa fedha za simu wapo, ila mtandao hukatika mabondeni. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka Same, na chaji pawabenki yako ijae. Zawadi ya sukari, chumvi au sabuni kwa mwenyeji inathaminiwa kuliko pipi za kugawia watoto barabarani.

Njia hizi si mpya

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walishuka milimani kwa miguu hadi Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru, wakakaa mjini kwa majuma mengi, na baadaye wanawake wakashuka kuwaunga mkono. Serikali ya kikoloni hatimaye ikaiondoa kodi hiyo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameandika kwa kina juu ya harakati hizo, na ningependa kila anayekwenda Upare amsome kwanza.

Nakuomba jambo moja. Lipa chumba, lipa mwongozaji, lipa kiingilio cha msitu bila kutafuta njia ya panya. Na ukikuta msaragambo kwenye ndiva siku unayopita, tua begi, omba jembe, fanya kazi hata kwa saa moja. Maji yaliyokuongoza safari nzima yanatunzwa na mikono hiyo, na mgeni aliyeshika jembe Upare akirudi anapokewa kwa jina lake.