SOMO: JE, MKRISTO AWEZA KULA NGURUWE? NA SISI KWA NINI HATULI?

Maandiko ya kusoma: Yeremia 35, Marko 5:1-20, Matendo ya Mitume 10:9-29, Warumi 14.



Somo hili lahusu jambo ambalo kila Mkimbanguisti ameulizwa, shuleni, kazini, sokoni au nyumbani kwa wakwe: "Kwa nini ninyi hamli nguruwe wala nyani? Hamkusoma kwamba katika Agano Jipya kila chakula ni safi?" Wengi wetu hujibu upesi, na majibu yetu hayafanani. Mmoja husema, "Ni Sheria ya Musa." Mwingine husema, "Nguruwe ana pepo." Wa tatu husema, "Anayekula ataingia motoni." Na wa nne, ambaye mara nyingi ni kijana, hana jibu. Hunyamaza, na siku nyingine hula kwa siri.

Jambo hili si dogo. Kwa ajili yake kuna posa zilizovunjika. Kuna dada zetu walioolewa katika nyumba za Wakatoliki na Wametodisti ambao hula peke yao kama wageni. Kuna vijana wasemao, "Ikiwa Kanisa lakosea katika nguruwe, huenda lakosea katika yote." Basi yatupasa kujua tunachoshika na sababu ya kukishika. Twaa Biblia yako, fungua kila andiko linalotajwa hapa, usome mwenyewe.

1. SHERIA YA MUSA YASEMA NINI?

Soma Mambo ya Walawi 11:1-8 na Kumbukumbu la Torati 14:3-8. Mungu aliwapa wana wa Israeli alama mbili za mnyama wa kuliwa: awe na kwato zilizopasuka kati, tena awe mwenye kucheua. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wana alama zote mbili. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, kwa hiyo alikatazwa. Ngamia, wibari na sungura walikatazwa pamoja naye.

Waisraeli waliishika amri hiyo hata kufa. Katika Biblia ya ndugu zetu Wakatoliki, kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 6, tunasoma habari za mzee Eleazari, mwenye umri wa miaka 90, aliyelazimishwa kula nyama ya nguruwe wakati wa mfalme Antioko. Rafiki zake walimshauri alete nyama yake mwenyewe iliyo halali, ajifanye tu kwamba anakula ile ya mfalme. Alikataa, akafa. Hakutaka vijana wapotee kwa kuona mzee akiigiza. Mkumbuke mzee huyu, tutamrudia.

Hata leo si sisi peke yetu. Wayahudi washikao dini yao hawali nguruwe. Waislamu, kama ndugu zetu wa Kasongo kule Maniema, hawali. Waadventisti wa Siku ya Saba hawali, wala Kanisa la kale la Ethiopia halili.

Lakini je, sisi twashika Sheria ya Musa? Endelea kusoma sura ile ile ya 11. Mstari wa 9 hata 12: kila kiishicho majini kisicho na mapezi na magamba kimekatazwa. Kambale hana magamba. Mstari wa 20 hata 23: katika wadudu wenye mabawa wameruhusiwa nzige, panzi na jamii zao tu. Mstari wa 41 na 42: kila kitambaacho juu ya nchi kimekatazwa. Basi kumbikumbi wa mvua ya kwanza, na vinkubala ambavyo mama zetu wa Katanga hukausha na kuuza sokoni, vyote vimekatazwa na Musa. Nasi twavila kwa furaha, na Kanisa halikutukataza. Tena nyani hakutajwa kwa jina katika sura hiyo.

Kwa hiyo anayejibu, "Twashika Sheria ya Musa," hasemi kweli. Mwenye kujua Biblia atamwonyesha kambale aliye katika sahani yake, naye atakosa la kusema.

2. BWANA YESU NA MITUME WALIFUNDISHA NINI?

Soma Marko 7:14-23. Bwana alieleza kwamba chakula hupita tumboni na kutoka nje. Kinachomchafua mtu ni kile kinachotoka moyoni mwake: wivu, uzinzi, wizi, kiburi, masingizio. Na mwandishi Marko aeleza kwamba kwa neno hilo hakuna tena chakula kilicho najisi.

Soma Matendo 10. Petro alikuwa Yafa, juu ya dari, ana njaa. Akaona kitu kama nguo kubwa kikishuka, ndani yake wanyama wa kila namna, akaambiwa achinje ale, mara tatu. Lakini soma pia mstari wa 28, maana wengi huishia njiani. Hapo Petro mwenyewe anafafanua maono yake: Mungu alimfundisha asimhesabu mwanadamu ye yote kuwa najisi. Baada ya hapo aliingia nyumbani mwa Kornelio, mtu wa taifa jingine, akakaa naye. Katika Matendo 15 mitume walikutana Yerusalemu, wakawapa watu wa mataifa makatazo manne: vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Nguruwe hakutajwa.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili, na tulitoe bila woga: ndiyo, mtu aweza kula nguruwe na akawa Mkristo wa kweli. Mwaka 1969, viongozi wetu walipoliingiza Kanisa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, waliketi pamoja na makanisa mengi yanayokula nguruwe, wala hawakudai kwanza yaache. Waliyaita makanisa ya Kristo.

Kuna andiko moja tunalotupiwa mara nyingi: 1 Timotheo 4:1-5. Paulo aonya juu ya watu watakaokataza vyakula ambavyo Mungu aliviumba. Tusilikimbie andiko hili. Paulo awakemea wanaofundisha kwamba kiumbe cha Mungu ni kibaya. Sisi hatufundishi hivyo. Nguruwe ni kiumbe cha Mungu. Lakini siku tutakapoanza kusema kwamba kuacha nyama ndiko kunakookoa roho, siku hiyo andiko hilo litatuhukumu sisi kabla ya wengine.

3. BASI KWA NINI SISI HATULI?

Kwanza, kwa ukumbusho. Walimu wetu wametufundisha jambo hili kwa kisa cha Gerasa, Marko 5. Bwana alimfungua mtu aliyekaa makaburini, pepo wakaingia katika nguruwe wapata 2,000, wakazama ziwani. Wale nguruwe walikufa siku ile ile, kwa hiyo nguruwe wa jirani yako hawakurithi pepo wao. Lakini tazama watu wa Gerasa. Walimwona ndugu yao ameketi, amevaa nguo, akili zimemrudia. Badala ya kushangilia, walihesabu hasara, wakamsihi Yesu aondoke.

Jambo kama hilo tuliliona katika nchi yetu. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alimponya mama Kiantondo, na watu wakaanza kumiminika Nkamba. Wakubwa wa koloni hawakuuliza ni wangapi waliopona. Walihesabu mashamba na kazi zilizobaki bila watu. Tarehe 12 Septemba 1921 akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba, huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu, akahukumiwa kifo. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafungwa miaka 30, hata alipofariki katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Basi ninapoikataa nyama hii, nakumbuka kwamba mtu mmoja aliyefunguliwa ana thamani kupita kundi la nguruwe 2,000.

Pili, kwa utii. Soma Yeremia 35 yote. Yonadabu mwana wa Rekabu aliwaagiza watoto wake wasinywe divai. Sheria ya Musa haikuwakataza Waisraeli wote divai, ilikuwa agizo la baba kwa jamaa yake. Miaka mingi baadaye nabii Yeremia akawaingiza Warekabi katika nyumba ya Bwana, akaweka mbele yao vikombe vya divai. Wakakataa, wakisema kwamba baba yao aliwaagiza hivyo. Mungu hakuwakemea kwa kushika jambo lisilo katika Sheria. Aliwasifu, akawaweka kuwa mfano mbele ya Yerusalemu yote. Tena Warekabi hawakumwambia Yeremia kwamba yeye ni mwenye dhambi kwa kuwa na divai mkononi. Walisema habari zao wenyewe tu.

Ndugu, hilo ndilo jibu letu: "Wazazi wetu wa imani walituagiza, nasi twatii." Jibu hilo halimtukani mtu.

Hii si ajabu kwetu. Huko Nkamba twavua viatu, wala hatusemi kwamba anayesali na viatu hasikiwi. Tangu tarehe 6 Aprili 1971 twapokea Ushirika Mtakatifu kwa keki ya viazi, mahindi, mayai na ndizi, pamoja na asali iliyochanganywa na maji, wala hatusemi kwamba watumiao mkate na divai hawakumpokea Bwana. Kila jamaa ina desturi ya nyumba yake, na mtoto mwema huishika ya kwao.

Wengine hutaka sababu ya mwilini. Ni kweli, nyama ya nguruwe isiyoiva yaweza kumpa mtu tegu, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu kwa uchafu yaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo mwenye kifafa apelekwe kwa waganga wa hospitali, asisingiziwe uchawi. Lakini nyama iliyoiva vizuri haileti tegu, basi tusiisimamishe amri yetu juu ya mguu huo.

4. TUKIWA MEZANI PA WENGINE

Imani yetu ilifika mikoa mingi kwa njia ya uhamisho. Tangu 1921 hata Kanisa lilipotambuliwa na serikali, tarehe 24 Desemba 1959, wazazi wetu walipelekwa mbali na kwao, wengine hata kambi ya Lowa. Walikuwa wageni katikati ya wenyeji. Basi tujifunze kuishika amri kwa adabu ya mgeni.

(a) Nyumbani kwa wakwe. Sema mapema, kabla mama hajapika, na kwa upole: "Mama, nashukuru sana. Katika Kanisa letu nyama hii hatuli. Bukari na sombe vyanitosha." Usikunje uso, wala usiulize sufuria imeoshwa mara ngapi.

(b) Ndoa ya makanisa mawili. Mume anakula, mke hali. Wapatane wao wawili kwanza, kisha wamwone mchungaji ikiwa hawajaelewana. Afadhali sufuria mbili katika nyumba moja kuliko nyumba mbili.

(c) Mtoto aliyekula bila kujua, shuleni au kwa jirani. Asipigwe, wala asiombewe kana kwamba pepo amemwingia. Aelezwe tu.

(d) Aliyekula kwa njaa. Katika vita vya 1996 na 1998 watu wengi walikimbilia porini, wakala walichokipata. Soma Mathayo 12:1-8: Daudi na watu wake, walipoona njaa, walikula mikate ambayo haikuwa halali kwao. Mtu asiwahukumu waliorudi wazima.

(e) Anayekula kwa siri, huku kanisani akisimama mbele. Huyu ndiye amkumbuke mzee Eleazari. Ubaya wake hauko katika nyama, uko katika nyuso mbili. Ikiwa amri imemshinda, amwendee mchungaji aseme, naye atasaidiwa.

(f) Mgeni anayekuja kusali nasi. Asiulizwe jana alikula nini.

5. UPENDO, AMRI, KAZI

Kanisa letu lina maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri, Kazi. Yamepangwa hivyo, na Upendo ni wa kwanza. Amri iliyoachwa na Upendo huwa fimbo ya kumpigia jirani. Warumi 14 yafundisha kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa maana kila mmoja ni mtumishi wa Bwana.

Kuna mtu asiyegusa nguruwe tangu kuzaliwa, lakini hamlipi mfanyakazi wake mshahara. Kuna mwingine, huikataa nyama mchana, na usiku hunywa lotoko. Na mwingine humwita mjane mzee mchawi, hata watoto wamtupie mawe. Watu hao wameacha nyama ya nguruwe, wakala nyama ya ndugu zao. Soma Wagalatia 5:13-15.

Basi tuishike amri kwa moyo mzima, tuwafundishe watoto wetu sababu yake, na anayekula tumwite ndugu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini si kweli kusema kwamba sisi twashika Sheria ya Musa?
2. Warekabi walimjibu Yeremia namna gani? Wewe utamjibuje rafiki yako shuleni au kazini?
3. Watu wa Gerasa walipenda nini kupita ndugu yao? Sisi leo twapenda nini kupita watu?
4. Je, kuna mtu uliyemdharau kwa ajili ya chakula? Utafanya nini juma hili ili mpatane?

SALA: Ee Bwana, utupe mioyo ya kutii bila kiburi, na ya kupenda bila ubaguzi. Tuyashike tuliyoachiwa na wazazi wetu kwa furaha, wala yasiwe ukuta kati yetu na jirani zetu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.