Mtoto Anayelia Kila Jioni: Je, Vijidudu Vizuri Vyaweza Kumsaidia?

Somo la mara hii lilitokana na swali la akina mama wa kikundi kimoja tulichokitembelea. Mama mmoja kijana alikuwa na mtoto wa wiki tano. Kila ikifika saa kumi na mbili jioni, mtoto alianza kulia, akikunja miguu na kukaza tumbo, mpaka saa tatu usiku. Jirani alikuwa amesikia ya kwamba siku hizi madaktari huwapa watoto kama hao "vijidudu vizuri". Akasema, "Kwani hivyo si ndivyo vilivyo katika maziwa lala? Mpe vijiko viwili tu." Mama akampa. Kesho yake mtoto akaanza kuhara, na siku ya nne akalazwa hospitalini akiwa amepungukiwa na maji mwilini. Tunashukuru kwamba alipona.

Jirani yule hakuwa mtu mbaya. Alisikia nusu ya habari. Leo tujifunze na ile nusu nyingine.

Msokoto wa tumbo ni nini?

Wauguzi huuita koliki. Sisi nyumbani tunasema mtoto anasokotwa na tumbo. Tangu mwaka 1954 madaktari wamekuwa wakiutambua kwa hesabu ya tatu-tatu: mtoto mwenye afya, anayenyonya vizuri na kuongeza uzito, lakini analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 3. Kilio huanza mtoto akiwa na wiki mbili au tatu, huzidi sana karibu na wiki ya sita, kisha hupungua na kwisha akifika miezi mitatu au minne.

Tuishike sana habari hiyo ya mwisho. Msokoto huu huisha wenyewe. Ndiyo maana kila dawa inayotolewa huonekana kana kwamba imeponya. Ukimpa mtoto majani fulani akiwa na wiki kumi, akanyamaza akiwa na wiki kumi na mbili, utasema ni majani. Kumbe ni wakati wake tu umefika.

Chanzo chake hakijajulikana kikamilifu. Lakini wataalamu wamegundua ya kwamba aina za vijidudu katika utumbo wa watoto wanaolia sana mara nyingi ni tofauti na zile za watoto watulivu. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuwapa vijidudu vizuri.

Vijidudu vizuri ni vipi?

Tumezoea kusikia ya kwamba vijidudu huleta magonjwa. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini katika utumbo wa kila mtu mzima wa afya wamo bakteria wengi mno wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wale wabaya wasipate nafasi. Bakteria hai wanaotolewa ili kumfaidi mtu huitwa probiotiki.

Aina iliyochunguzwa zaidi kwa ajili ya msokoto wa watoto inaitwa Lactobacillus reuteri, na namba yake ni DSM 17938. Siku hizi katika vitabu vingine jina lake la kwanza limekuwa Limosilactobacillus. Asili ya bakteria huyu ni maziwa ya mama mmoja wa nchi ya Peru. Kwa hiyo hata wataalamu walianzia kwenye titi la mama!

Utafiti ulionyesha nini?

Mwaka 2007, madaktari wa mji wa Turin, Italia, walitoa taarifa ya watoto 83 walionyonya maziwa ya mama na waliokuwa na msokoto. Baadhi walipewa matone ya bakteria wa jamii hiyo, na wengine dawa ya gesi iitwayo simethikoni. Baada ya siku 28, wale wa bakteria walilia kama dakika 51 kwa siku, na wale wa simethikoni dakika 145. Watu wengi walifurahi. Lakini kulikuwa na kasoro: wazazi walijua mtoto wao anapewa nini, na mzazi mwenye matumaini huweza kuhesabu kilio kidogo.

Mwaka 2014 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa taarifa ya watoto 167, wengine wa maziwa ya mama na wengine wa maziwa ya kopo. Nusu yao hivi walipewa bakteria, na wengine matone yanayofanana lakini yasiyo na kitu. Hakuna mzazi aliyejua. Bakteria hawakusaidia. Hata waliopewa bakteria walilia zaidi kidogo, hasa wale wa maziwa ya kopo.

Basi nani asadikiwe? Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali waliunganisha hesabu za majaribio manne, watoto 345 kwa jumla. Waliona ya kwamba kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, matone hayo husaidia: nafasi ya kilio kupungua kwa nusu ilikuwa karibu mara mbili ya wasiopewa. Kwa watoto wa maziwa ya kopo, haikuthibitika. Na tukiwachukua watoto wote pamoja, tofauti baada ya wiki tatu ilikuwa kama dakika 25 kwa siku. Ni nafuu, ndiyo, lakini si muujiza.

Mbona basi si maziwa lala?

Tuseme wazi: mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maziwa lala, mursik, wala mtindi, hata kijiko kimoja. Sababu ni hizi:

1. Bakteria wa maziwa lala si yule aliyechunguzwa. Wote huitwa wazuri, lakini kila mmoja ana kazi yake. Mwalimu na fundi wote ni watu wema, lakini hutamwita mwalimu akujengee paa.
2. Katika kibuyu au sufuria, pamoja na bakteria wazuri huweza kuingia wabaya kutoka kwa mikono, maji au vyombo. Maziwa ambayo hayakuchemshwa yanaweza pia kuleta ugonjwa wa brusela.
3. Maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa utumbo na figo za mtoto mchanga, na yanaweza kumfanya apoteze damu kidogo kidogo tumboni.

Mama mwenyewe akitaka kunywa maziwa lala, na anywe. Ni chakula kizuri, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Ukitaka kutumia matone

Matone haya si rahisi kwa bei, na hayapatikani kila duka la dawa. Usikope pesa wala kuuza kuku kwa ajili yake. Lakini mwenye uwezo na afuate haya:

- Kwanza mtoto apimwe kliniki, ijulikane kwamba hana ugonjwa mwingine. Chukua kile kijitabu cha Mama na Mtoto.
- Soma jina na namba kwenye chupa. Neno "probiotiki" peke yake halitoshi.
- Katika majaribio mengi watoto walipewa matone 5 mara moja kwa siku. Tumia kijiko safi. Usichanganye na kitu cha moto, kwa maana joto huwaua bakteria.
- Hifadhi kama karatasi ya ndani inavyosema.
- Wiki tatu zikipita bila nafuu, acha.
- Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo sana, au mwenye kinga dhaifu asipewe bila daktari. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya kuwapa probiotiki watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu bakteria wanaweza kuingia katika damu yao.

Msaada usio na gharama

Nyonyesha maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Mwache mtoto amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Mcheulishe kila baada ya kunyonya. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, au tembea naye begani. Kama anatumia maziwa ya kopo, ongea na muuguzi kabla ya kuyabadilisha.

Msimpe maji ya sukari wala mitishamba. Msikubali akatwe kimeo wala kung'olewa yale yanayoitwa "meno ya plastiki". Hayo ni meno yake halisi yaliyo bado ndani ya ufizi, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa maambukizi.

Akina baba, hapa tunawasemesha ninyi. Mama aliyelia pamoja na mtoto wiki nzima amechoka. Mpokee mtoto. Na yeyote anayeona hasira zinampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache, amwite nyanya au jirani. Mtoto hatikiswi kamwe. Kumtikisa huweza kuumiza ubongo au kumwua.

Kimbia hospitali ukiona haya

Joto la mwili la digrii 37.5 au zaidi, au mwili kuwa baridi, kukataa kunyonya, kutapika matapishi ya kijani, damu katika kinyesi, tumbo kuvimba na kuwa gumu, degedege, kulegea, kupumua kwa shida, au kilio kilichobadilika ghafula. Huo si msokoto wa kawaida. Usingoje asubuhi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapa kwetu, mtoto akilia sana jioni huwa anapewa nini? Kati ya vitu hivyo, ni vipi vinaweza kumdhuru?
2. Kwa nini ni vigumu kujua kama dawa ya msokoto imefanya kazi kweli?
3. Je, yuko mama jirani yetu mwenye mtoto wa namna hii? Nani atakwenda kumshikia mtoto jioni ya leo ili apumzike?