Dosia Haimsomeshi Mtoto

"Mimi ni mama wa watoto watatu. Tumetoka Kivu, sasa tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Kabingo. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 16, yuko S3. Nilitaka awe daktari, lakini akitoka shule anakwenda kushinda kwa fundi simu hapa senta, na sasa anasema haoni maana ya kumaliza S4. Ripoti ya muhula huu imeshuka. Baba yake hamkemei. Anasema dosia yetu ya kuhamia Marekani ikifunguka, atasoma hukohuko. Wa pili ni binti wa S1, huyo hana shida, ananisaidia nyumbani. Nimlazimishe kijana, au nimwache?"
Mama wa Watatu, Kabingo

Mama wa Watatu, pole kwa mzigo. Barua yako inanionyesha watu watatu na mipango mitatu: wewe una udaktari, baba ana Marekani, kijana ana simu. Siku mliyoketi pamoja mkaulizana sijaiona.

Nianze na baba, wala simlaumu. Aliyekimbia vita hushika tumaini lolote lililo karibu. Lakini safari hiyo haimo mikononi mwenu. UNHCR hupendekeza majina, nchi ya huko ndiyo hukubali, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengine tiketi zikiwa zimeshakatwa. Dosia inaweza kulala miaka. Mtoto wa S3 ana miezi tu kabla ya S4. Mwambie mzee hivi: ikifunguka kesho, kijana mwenye cheti cha UCE, kile cha S4, atakuwa na pa kuanzia. Isipofunguka, bado atakuwa napo.

Sasa udaktari. Kwenu Kongo mtoto huingia opsheni yake, bio-chimie au pédagogie, akaifuata hadi diploma ya Serikali. Hapa Uganda hubeba masomo mengi hadi S4, kisha S5 ndipo anachagua matatu makuu. Udaktari unadai baiolojia na kemia za nguvu. Kwa hiyo fungueni ripoti, na msiishie kwenye jumla. Mstari wa baiolojia unasemaje? Wa fizikia je? Katika mtaala ulioanza 2020, kazi za darasani na miradi hubeba alama 20 kati ya 100 za UCE. Nenda kwa mwalimu wake umwulize ni mradi gani aliufanya bila kusukumwa.

Halafu Jumamosi moja nenda kibandani kwa yule fundi simu, usiende kumfukuza. Kaa kwenye benchi. Utamwona akifungua simu, akipanga skrubu kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio uleule aliozitoa, akigusa bodi kwa mita kutafuta umeme ulipokatikia. Mama, mwanao anapima mgonjwa. Mwulize kwa nini betri inavimba. Akisema hajui, mwambie mwalimu wa kemia anajua. Hapo S4 itaanza kuwa na maana, na utakuwa hujampigia kelele.

Jioni chukueni daftari, yeye mwenyewe aandike njia tatu. Ya kwanza: amalize S4, aingie chuo cha ufundi apate cheti, baadaye diploma. Ya pili: aendelee na S5 na S6 kwa fizikia, kemia na hisabati, alenge chuo kikuu. Ya tatu: abaki kibandani, lakini akafanye mtihani wa serikali unaompima fundi kwa kazi ya mikono, hata kama hakujifunzia chuoni. Pembeni ya kila njia aandike alama zinazotakiwa, ada, miaka, na mtu wa kumwuliza.

Mkipata nauli, mpelekeni Mbarara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa pale mwaka 1989 kinajulikana kwa madaktari, lakini kinafundisha pia uhandisi wa vifaa vya tiba. Mashine ya hospitali huharibika kama simu, na bila fundi daktari hubaki ameshika mikono. Huenda ndoto yako na ya mwanao zinakutana mlango huo.

Kuhusu ada, ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa msaada wa Ujerumani, hulipia wakimbizi shahada ya kwanza. Wanaoomba ni wengi kuliko wanaopata, na alama za S6 ndizo zinazosema. Uandikeni, lakini usiwe tegemeo la pekee, msije mkaugeuza dosia nyingine.

Nimebaki na jambo moja. Kijana umempa barua nzima, binti umempa mstari mmoja: hana shida, ananisaidia. Daftari lina kurasa nyingi. Mkimaliza ukurasa wa kaka yake, funua unaofuata, mwite aache sufuria kidogo, umwulize na yeye anataka nini. Kisha niandikie alivyojibu.